Samo Alizikwa na Ngozi Yake

Ng'ombe akifa ghafla, weka kisu chini. Nimeanza na hilo kwa sababu nawajua nyinyi vijana, hamsomi kitu mpaka mwisho. Ukiishia hapa na ukashika hilo moja tu, mimi nimeridhika. Nenda ukakamue, ng'ombe wanakungoja.

Wale mliobaki, kaeni. Mwandiko wangu ni wa darasa la tatu, na hata hilo la tatu sikulimaliza, kwa hiyo msinitafutie makosa ya kuandika. Nitafutieni makosa ya ng'ombe, kama mnaweza.

Nimekamua tangu nikiwa msichana, katika shamba kubwa huku juu ya Chepseon, mpaka vidole vikakataa kukunjika, nikapewa blanketi na kuambiwa asante. Wazazi wangu walikuja huku kutoka Nyeri, na mimi sijui kwingine. Watoto wenu wananiita Cucu, wengine Kogo, yote ni nyanya, na zote naitika. Mkiniona nawafokea kwenye zizi lenu, ni kwa sababu nawapenda. Mtu nisiyempenda huwa namwachia ng'ombe wake afe vile anataka.

Aliyenifundisha ni Mzee Kibet, nyapara wa zizi. Alikuwa mfupi, anatembea na fimbo ambayo sikuwahi kuona akimpiga nayo ng'ombe. Ilikuwa ya kutuonyesha sisi. Kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, alikuwa na kovu lililobonyea kama ugali uliochotwa na kidole. Kila mkamuaji mpya alilazimishwa kuligusa.

"Gusa," aliniambia. "Usiogope, limepona. Hapo palikuwa na kidonda, katikati cheusi kama mkaa, na hakikuuma. Ubaya wake ndio huo. Kidonda kinachouma unakipeleka hospitali mbio. Kisichouma unakaa nacho, unakionyesha watu, unacheka, na kinakuua."

Alikipata kwa kuchuna ng'ombe aliyekufa kwa kimeta. Ng'ombe mmoja tu. Mwenzake waliyechuna pamoja hakubaki na kovu la kuonyesha mtu. Nasi tuligusa, mimi na msichana mwingine tuliyeandikwa kazi pamoja, anaitwa Taplelei. Mkumbuke huyo, ndiye mwenye hadithi.

Sasa ukishamtisha msichana hivyo, anaona kimeta kila mahali. Sikuwa nimekaa sana pale nilipoona ng'ombe anatoka mtoni na damu puani. Niliacha ndoo ikamwagika, nikapiga kelele "Kimeta! Kimeta!" mpaka wachuma majani chai wa shamba la pili wakasimama na vikapu vyao mgongoni kuangalia. Mzee Kibet akaja polepole, akashika pua ya yule ng'ombe, akamimina maji ya chumvi, akangoja, kisha akavuta kitu kirefu cheusi kinajikunja. Ruba. Alikuwa ameingia puani wakati ng'ombe anakunywa maji.

"Huyu ndiye kimeta wako," akasema, akaniwekea kiganjani. Tangu siku hiyo niliitwa Daktari Ruba, na Taplelei aliniita hivyo hadi harusini kwangu, mbele ya mchungaji.

Lakini Mzee Kibet hakunigombeza. Aliniambia bora nipige kelele ya bure kuliko ninyamaze mara moja. Halafu akanionyesha tofauti, na hii mnisikilize. Ng'ombe wa ruba amesimama, anakula, damu yake ni nyekundu na inaganda. Wa kimeta mara nyingi hutamwona akiugua. Jana alikula, alicheua, alikupiga na mkia usoni. Leo umemkuta amelala. Damu inatoka puani, mdomoni na nyuma, nyeusi kama lami, na haigandi hata ukingoja. Tumbo linavimba haraka sana. Miguu haikakamai vile miguu ya mzoga inatakiwa kukakamaa. Na ukibahatika kumkuta bado mzima, utaona homa kali, anatetemeka, anahema kama amepandishwa mlima, maziwa yamekatika. Huyo ukiita daktari mapema anaweza kupona kwa sindano. Wengi hawatupi nafasi hiyo.

Na msiniambie kwamba sasa mnajua kimeta kwa macho. Ng'ombe hufa ghafla kwa kuvimbiwa, kwa radi, kwa nyoka, kwa kula kitu kibaya. Si kila mmoja anatoa damu. Hata daktari anachukua damu kidogo sikioni, anapeleka kupimwa. Ndiyo maana nikasema kisu chini kwanza. Maswali baadaye.

Sasa Samo.

Taplelei aliolewa Soin, kule chini kwa joto, na mimi nikabaki huku kwa baridi. Ng'ombe wangu waliisha katika mwaka mmoja mbaya, na mwaka huo huo nikamzika mume wangu, Baba Njeri. Nikabaki na zizi tupu, ambalo sikutaka kuliangalia. Asubuhi moja nasikia kengele ya ng'ombe kwenye njia. Nikatoka. Taplelei huyo, anasukuma mtamba wa rangi za kuchanganyika, na ndiyo sababu ya jina Samo.

"Daktari Ruba," akasema, "huyu kule kwangu joto linamtesa. Nimemleta kwako kwa kimanagan."

Nyinyi wa siku hizi mnasikia neno hilo kwa wazee tu, wacha nieleze. Kimanagan ni ng'ombe wa rafiki anayekaa zizini kwako. Maziwa ni yako. Ndama ni wa mwenyewe. Wakipsigis walifanya hivyo zamani sana ili ugonjwa ukiingia boma moja usimalize mali yote ya mtu, na ili rafiki asikose maziwa. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Kuna sharti moja tu: ng'ombe akifa, unachuna, unampelekea mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo inasema ng'ombe alikufa kweli, hukumuuza, hukumchinja ukala na wageni wako. Mtu asiyeleta ngozi, jina lake linaisha. Halipigiwi kelele. Linaisha tu, na watu wanaanza kukusalimia haraka haraka.

Samo akakaa kwangu miaka. Alikuwa na tabia ya kunilamba shingo wakati nakamua, ulimi kama msasa. Mtamba wake wa kwanza nilimrudisha Soin mwenyewe, nimemfunga kamba, naimba njiani kama mwendawazimu. Na maziwa yake ndiyo yalinirudisha kuwa mtu. Sitaki kusema zaidi ya hapo, mtaanza kunihurumia.

Mwaka ule kiangazi kilivuta, halafu mvua ikaja kwa nguvu. Watu wa maji walikuwa wamechimba mtaro kupita malisho ya chini, udongo wa ndani kabisa ukatupwa juu, na nyasi zikachipuka hapo zikiwa tamu na fupi. Samo alikula hapo. Jioni hakuwa na kitu. Asubuhi nilimkuta nyuma ya zizi, amelala ubavu, tumbo limejaa kama ngoma, na ile damu. Nikainama, nikaangalia bila kugusa. Nyeusi. Haikuwa imeganda.

Sikulia hapo. Nilifunga mbwa kwanza. Halafu nikahamisha ng'ombe wengine wawili na mbuzi upande wa juu. Halafu nikampigia daktari wa mifugo, binti mmoja anaitwa Cherotich, akasema nisimsogeze ng'ombe, yuko njiani. Halafu nikampigia Taplelei. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Mteja hapatikani. Simu ya Taplelei hulala bila chaji siku nzima, anaiweka ndani ya kibuyu kitupu cha maziwa ya mursik eti isiibiwe.

Kabla Cherotich hajafika, alifika Baba Ciku.

Baba Ciku ni jirani yangu wa ng'ambo ya ua. Hakuna harusi, hakuna ruracio ya kupeleka mahari, hakuna ng'ombe aliyevunjika mguu huku kwetu ambaye hajapita mikononi mwake. Ni mtu mzuri. Ana visu vitatu na anavipenda kuliko viatu. Ng'ombe wa mtu akianguka, yeye huchinja, majirani hununua nyama kila mmoja kidogo, mwenye hasara anainuka. Ni desturi nzuri, na mimi imenisaidia zamani. Lakini mkumbuke pia kwamba ni hiyo hiyo inapeleka watu kaburini.

"Pole, Mama Njeri, pole sana," akasema, na huku anapima Samo kwa macho. "Lakini tufanye haraka, jua lisimkute." Akamshika mguu wa nyuma, akauinua. "Ona, hata hajakakamaa. Huyu ni mbichi kabisa."

"Baba Ciku, achilia huo mguu."

"Nataka tu kumgeuza."

"Achilia. Huo mguu kutokakamaa ndio unanitisha. Na damu hiyo huioni?"

Akaangalia. "Damu kidogo. Tutakata tuache kichwa. Tutachemsha vizuri, Mama. Moto unaua kila kitu."

"Moto hautakuja kuosha mikono yako wakati unachuna. Na ukimpasua, hiyo damu inamwagika hapa, ugonjwa unaingia kwa udongo na kukaa miaka na miaka, unangoja ng'ombe wa Ciku na wa watoto wa Ciku."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika, kila mmoja na karai. Kuna mama, simtaji, alikuwa amekuja na chumvi kabisa. Wakaanza kunong'ona kwamba nimezeeka, kwamba nataka kuwanyima. Baba Ciku akasimama katikati yao, ameshika kisu, akasema kwa sauti ya upole, na hiyo ndiyo ilinichoma: "Mama Njeri, huyu si ng'ombe wako. Ni wa kimanagan. Hata kama nyama hutaki, ngozi lazima utoe. Utamwambia nini mwenyewe?"

Alisema kweli, na alisema kile nilichokuwa naogopa tangu nilipoiona ile damu. Kumwambia Taplelei kwamba Samo amefukiwa na ngozi yake ni sawa na kumwambia niamini tu. Na watu wanaoaminiana miaka yote hiyo hawajawahi kuambiana niamini.

Nilichukua kiti cha kukamulia, nikakiweka kati ya watu na Samo, nikakaa. Nikasema anayetaka kupita apite juu yangu, na aniruke vizuri, magoti yangu ni mabovu. Hakuna aliyeruka. Ndivyo Cherotich alivyotukuta.

Yule msichana nampenda. Hakupiga siasa. Alivaa glavu na gambuti, akafunika mdomo, akatoa damu kidogo sikioni kwa sindano, akaziba lile tundu. Akaloweka vitambaa kwa dawa, akaziba pua, mdomo na nyuma ili kisivuje kitu. Akawaambia watu, "Sijapima bado, lakini tutamzika kama kimeta. Nikikosea, tumepoteza nyama. Nyinyi mkikosea, tunapoteza mtu." Wale wa makarai wakaanza kupungua.

Shimo lilichimbwa pale pale karibu, kwa sababu mzoga wa kimeta haukokotwi. Unakokota ugonjwa kwa njia nzima. Lilikuwa refu kwenda chini kupita kichwa cha mtu aliyesimama. Samo akasukumwa ndani na kengele yake shingoni, ile ambayo Taplelei alipewa na babake, kwa sababu nayo ilikuwa imelowa damu. Tukakwangua udongo wote uliokuwa na damu, ukaingia pia. Chokaa juu, udongo, mawe, halafu miiba kuzunguka. Majani aliyolalia yakachomwa. Ng'ombe wangu wengine wakapimwa homa, wakadungwa chanjo, na hawakutoka kwenda popote mpaka daktari aliporuhusu. Maziwa ya siku zile nilimwaga, nikifumba macho.

Na waliomgusa Samo wakapelekwa hospitali, wakapewa dawa za kumeza. Waliomgusa walikuwa mmoja. Baba Ciku.

Jioni simu ya Taplelei ikaita. Nikamwambia yote, kutoka ile damu mpaka kengele. Akasema, "Nimesikia," na simu ikakatika. Sikujua kama aliikata yeye au chaji.

Asubuhi walikuja kwa boda, yeye na mwanawe Kipngeno. Kipngeno nimembeba mgongoni akiwa mtoto, sasa ni mwanaume wa ndevu. Alinisalimia kwa heshima, hakukaa, hakunywa chai. Taplelei alishika kikombe, lakini hakunywa. Macho yake yalikuwa kwenye zizi.

"Mama Njeri," akasema Kipngeno, "sikukosei heshima. Lakini ng'ombe wa kimanagan akifa, ngozi inarudi. Iko wapi?"

"Iko chini pale. Amevaa mwenyewe."

"Na kengele ya babu?"

"Amevaa pia."

Akamwangalia mamake. Taplelei hakusema kitu. Mimi nimekamua kando ya huyu mwanamke miaka, najua anavyonyamaza akiwa amechoka na anavyonyamaza akiwa amekasirika, lakini kunyamaza kule sikukujua.

Kipngeno akaona jembe langu ukutani, akalichukua. "Basi nitafukua kidogo tu. Nione rangi. Nikiona rangi, nitafunika, na nitakuomba msamaha mbele ya mama."

"Ukifukua nitapiga nduru," nikasema. "Na nitakushika miguu. Unaweza kuniita mwizi mpaka Sigowet, lakini hutashika huo udongo. Wewe nilikubeba."

Akatembea kuelekea kwenye miiba. Nikamfuata. Na hapo ndipo tukasikia mtu anavuka ua akilalamika kabla hata miguu yake haijagusa chini.

"Nyinyi ndio wenye ng'ombe?" Baba Ciku huyo, shati nusu ndani nusu nje. "Heri mmekuja! Mwambieni huyu mama! Amezika nyama yote, jamani, yote! Mafuta ya mgongoni yamenona hivi! Samo, ng'ombe wa mabaka, na lile baka jeupe chini ya tumbo kama aproni, amefunikwa na chokaa kama choo! Nilimsihi. Nilimwambia angalau ngozi, mpe mwenyewe ngozi yake. Akakaa kwenye kiti kama chifu!"

Kipngeno akasimama. "Wewe ulimwona?"

"Kumwona? Nilimshika mguu! Kwa kumshika mguu tu nimepelekwa hospitali, nimepewa vidonge vikubwa kama maharagwe, asubuhi na jioni. Mimi, Baba Ciku, nameza dawa ya nyama ambayo sikuonja!"

Nilisikia sauti nyuma yangu nikadhani Taplelei analia. Nikageuka. Alikuwa ameshika nguzo ya zizi, anacheka, machozi yanatiririka, kikombe kimemwagika chote kwenye leso.

"Kipngeno," akasema, alipoweza, "rudisha jembe la watu. Ulitaka ngozi. Ngozi ndiyo hiyo imesimama kwa ua inalalamika."

Baba Ciku hakuelewa. Alidhani wamemuunga mkono, akaendelea. Kipngeno akarudisha jembe, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniinamia kichwa kama zamani nilipokuwa nikimpaka mafuta. Halafu akaenda kuleta miiba zaidi.

Taplelei alikuja tukasimama pamoja mbali kidogo na kaburi. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaweka kidole cha mkono wa kulia chini ya kiwiko, pale pale Mzee Kibet alipokuwa na kovu.

"Nilikuwa nalifikiria njia nzima," akasema. "Sikutaka kulitaja mbele ya mtoto. Nilitaka aone mwenyewe kwamba husemi uongo."

"Ungeniambia. Nimekaa usiku mzima nikijua nimekupoteza."

"Wewe ni Daktari Ruba," akasema. "Hupotei kirahisi hivyo. Umeng'ang'ania."

Majibu ya damu yalikuja, ilikuwa kimeta. Cherotich alisema labda ni ule udongo wa mtaro, labda zamani walifukia mzoga pale, hakuapa. Walichanja ng'ombe wa kijiji kizima, na sasa kila mwaka wakitangaza chanjo nawaona nyinyi mnajificha na ng'ombe wenu nyuma ya majani chai kwa sababu mnaogopa maziwa yatapungua siku mbili tatu. Nawaona. Mimi macho bado ninayo. Na Baba Ciku siku hizi akiitwa kwa ng'ombe aliyelala, anatangulia kuuliza kama damu imeganda. Ana visu vitatu na sasa ana simu ya Cherotich.

Mvua iliyofuata nikasikia kengele njiani, mpya, sauti yake nyembamba. Taplelei alikuwa anasukuma mtamba wa mabaka, na chini ya tumbo baka jeupe kama aproni. Mjukuu wa Samo. Akamfunga kwenye nguzo mwenyewe, akamkuna masikio, akanigeukia.

"Masharti ni yale yale," akasema. "Maziwa yako, ndama wangu."

"Na akifa?" nikauliza. "Ngozi?"

Akaangalia ng'ambo ya ua, ambako Baba Ciku alikuwa ameshasimama, ameshika kiuno, anampima yule mtamba kwa macho kutoka pembe hadi mkia.

"Ngozi usijisumbue," akasema. "Nipigie simu tu, unipatie Baba Ciku."